Nani Atafungua Kikapu cha Madame

Ijumaa asubuhi ukungu wa ziwa ulipanda hadi mtaa wa Himbi, ukalala juu ya mawe meusi ya volkano, na soko likawa kama linaelea. Vilionekana kwanza vichwa vya akina mama, kisha vikapu, na jua lilipopata nguvu, miguu. Madame Mukamugema alilipenda soko katika saa hiyo hasa. Karoti zilizoshika udongo, avoka, mboga za lengalenga zilizolowa umande, jibini la Masisi juu ya majani ya mgomba: hakuna kilichoonja dawa wala mbolea ya dukani. Samadi ya ng'ombe, majivu na mvua, basi.

Soko hilo dogo lilikuwa na desturi yake. Muuzaji hakuhesabu kwamba siku imeanza mpaka mtu amfungulie, yaani anunue kitu cha kwanza, na mkono wa huyo wa kwanza ndio ulioamua kama bidhaa zitatoka au zitarudi nyumbani. Mkono mzuri kuliko yote ulikuwa wa Madame. Yeye, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, hakuuamini. Mkono, alisema, ni mifupa na ngozi. Hata hivyo kila Ijumaa alipita akifungua, kikapu hadi kikapu, kwa sababu ni kazi bure kubishana na watu wenye furaha.

Ijumaa hii alikuja kuuza.

Mwanawe Célestin alikuwa ametoka Bukavu kumchukua. Ofisini aliitwa Citoyen, yaani raia, Habarurema, kwa kuwa serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu. Jina la ubatizo lilikuwa limebaki jikoni kwa mama yake. Baba amekufa, alisema, na pansheni inakuja siku inayotaka yenyewe: mama atakula nini? Mama akajibu kwamba bustani itamlisha. Wakaafikiana kama watu wanaoheshimu ushahidi. Puwaro za bustani hiyo, yaani vitunguu vya majani, zikiisha leo, anabaki. Zikirudi nyumbani, kesho anapanda meli pamoja naye.

Zilikuwa puwaro nzuri, shina jeupe na nene, majani marefu kama panga. Akazipanga chini ya mkaratusi, kando ya kabichi za Nyiransabimana, mwanamke wa Masisi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Madame, unafanya nini huko nyuma ya kitunga?"

"Ninauza."

"Unauza! Na sisi, nani atatufungulia?"

"Mutu yeyote mwenye mukono."

"Mikono iko mingi, Madame. Hata mwizi iko nayo mbili."

Kicheko kikapita ndani ya ukungu, hata kwa watu wasioonekana.

Lakini wanunuzi walipofika, walimwona Madame amekaa, wakapita. Walizunguka mstari wa kwanza, wa pili, wakarudi. Walinusa, waligusa, waliweka chini. Hakuna aliyenunua. Soko lote lilizunguka polepole, kimya, kama majani juu ya maji yasiyo na pa kwenda, na Madame mwenyewe alihisi kope zinamlemea kwa utamu wa kulitazama. Kisha akakumbuka meli.

"Mama Mukashyaka, puwaro," alimwita mke wa fundi seremala, mnunuzi wa kila wiki.

Mukashyaka akarudi nyuma nusu hatua. "Eh, mimi nikufungulie wewe? Mukono yangu ikikuwa mubaya, watasema nimekuloga!"

"Muganga hajigangi, Madame," Nyiransabimana akachombeza.

Célestin alisimama mbali kidogo na suti yake safi ya abakosti, akitafuna mahindi ya kuchoma. Alikitazama kikapu kilichojaa. 

Madame akainuka. Kama ni kuondoka, hataondoka akiwa amewaacha wenzake na kabichi za kubeba tena kupandisha milima. Akaweka mafungu kadhaa ya puwaro katika mfuko wake wa kununulia, majani yakachungulia nje, akalitoa moja.

"Nipe shu," akamwambia Nyiransabimana, akionyesha kabichi. "Chukua hii."

"Imefunguka!" Nyiransabimana akapiga kelele, akiipunga puwaro hewani.

Akaenda mbele. Fungu kwa karoti, fungu kwa jibini, fungu kwa avoka laini ya kula leo. Nyuma yake soko likaanza kuamka. Alisikia mifuko ikifunguliwa, bei zikibishaniwa, watu wakicheka. Mtu akamgusa bega. Alikuwa Mukashyaka, macho ndani ya mfuko.

"Puwaro ya hivi umetosha wapi?"

"Pale, chini ya muti," Madame akajibu bila kufikiri, kama alivyojibu swali hilo kila Ijumaa, kuhusu kila kitu alichowahi kubeba.

Mukashyaka akaenda mbio. Wawili waliokuwa wakisikiliza wakamfuata.

Hapo Madame akasimama katikati ya soko. Miaka yote watu walikuwa wakichungulia mfuko wake, kisha wakienda kununua kilichomo. Mkono wake wa ajabu ulikuwa ni huo tu. Alifurahi kama mtu aliyepata jawabu la hesabu aliyoiacha zamani ubaoni.

Aliporudi, wanawake walikuwa wamekizunguka kikapu kisicho na mtu.

"Mwenye iko wapi? Tunangoja!"

"Njo mimi mwenye," Madame akasema, akakaa.

Mukashyaka akamwangalia, akakiangalia kikapu, akasita. "Lakini nani amekufungulia?"

"Mimi!" Nyiransabimana akainua fungu lake. "Kwa shu yangu! Nunueni, muache maswali."

Wakanunua. Ukungu ulikuwa umerudi ziwani, na maji yaling'aa katikati ya nyumba, Célestin alipokuja. Akakiinua kikapu, akakipindua, akakitikisa. Udongo mweusi kidogo ukaanguka juu ya viatu vyake.

"Na juma ijayo, mama?"

"Juma ijayo ni hesabu ingine." Akampa kabichi na jibini avibebe. "Meli inaondoka asubuhi. Usichelewe."