Matusi Yetu ya Soko

Mi siongei na Anatole, na musiniulize juu ya nini kama hamuna wakati ya kusikiliza. Muko nayo? Basi mukae.

Mama yake, Florentine, alikuwa mutani wangu. Yeye Mubembe wa Kilembwe, Mukatoliki. Mi Mwanahamisi, Mwislamu wa hapa Baraka, mwenye kuuzisha samaki ya kukausha. Kila siku ya soko alishuka na kamiyo, ile gari ya mizigo, na karanga na muhogo yake, na mbele hajakanyaga chini nilishaanza:

"We kizee ya milima! Hata leo habajakuzika?"

"Balichimba shimo," anajibu, na ile sauti yake ya kuita mbuzi, "lakini balisema tuanze na ule mama wa Baraka mwenye kunuka samaki!"

Soko yote ilicheka. Kisha mi namuwekea samaki kwa mikono, naye ananimwangia karanga mpaka kikapu ijae. Kupima? Kopo ya kupimia ilikuwa ya bageni. Mwaka samaki ilipotea ku ziwa, alileta karanga vilevile. Mwaka muhogo iliharibika kwao, batoto yake balikula samaki yangu. Muntu asiyekasirikia tusi yako hawezi kukudanganya. Tulijua hivyo bila kusema.

Mwaka ya hamsini na saba Anatole akarudi likizo, kutoka shule kubwa kule Léo, ku muji mukuu. Alikuwa anasoma mambo ya soko, namna desturi na undugu ya bantu inaongoza biashara. Mi nilifurahi, wee! Mutoto niliyemubeba mugongoni! Akakaa na kiti pembeni yetu, akauliza hiki, akauliza kile. Akili iko nayo, siwezi kumunyima.

Siku ya mwisho akasimama mbele ya bamama, akatufasiria.

"Hii matusi si muchezo," akasema. "Hiyo njo kamba yenye kufunga biashara yenu. Mama akicheka, anaongeza karanga. Mama Mwanahamisi anajua kuchekesha, njo maana anapata kupita muuzishaji yeyote hapa."

Bamama bakapiga makofi. Alikuwa anatusifu, masikini. Nikamuangalia Florentine: hakupiga.

"Kumbe," akasema polepole.

Soko iliyofuata nikamutukana kama kawaida. Akacheka, lakini macho yake ilikuwa ku mikono yangu. Na mi nikaanza kujisikiliza: hii tusi naitupa juu ya mapendo ao juu ya karanga? Muntu akikufasiria namna unavyotembea, utajikwaa tu.

Kisha akaacha kushuka. Nikasikia anauzisha karanga kule kule kwao, ku duka. Chakula ikanishinda. Yunusu, bwana yangu, akachoka kuniona hivyo.

"Panda kamiyo, Mwanahamisi, uende kwake," akasema. "Mutani hakosani na mutani."

Nikapanda na samaki nzuri kupita zote, zawadi yake. Toka ku njia nilipiga kelele: "We kizee, toka ndani nione kama ungali na meno!" Bakamwana yake, bibi za batoto yake, bakacheka. Florentine akatoka, anajipangusa mikono.

"Karibu, mama."

Mama! Akanitolea kiti ya bageni, mi niliyezoea kukaa chini naye ku jiko. Nikamutukana tena. Macho yake ilijaa machozi, yangu pia.

"Mwanahamisi, mi nataka kucheka," akasema. "Lakini nikicheka, nasikia kama nahesabu."

Nikamwambia Anatole ni mutoto, na maneno ya shule ibaki ku shule. Akatikisa kichwa. Akapokea samaki, akaita kopo ya kupimia. Akaijaza karanga, akapitisha kiganja juu yake, zile zilizozidi zikaanguka. Akamwanga ku kikapu yangu, akajaza ingine, akapitisha tena kiganja. Mi niliangalia tu ile mukono. Nilitaka kuishika, nikashindwa.

"Sasa tuko sawa, mama," akasema.

Tuko sawa! Na muntu muliye sawa naye, utarudi kwake kutafuta nini? Nilishuka Baraka na zile karanga, na sikumuona tena mpaka balipomuzika.