Mzee Cheche Amehama

Katika gemu yetu ya anga, mchezaji alifika kituoni, akajaza mafuta, akauza madini yake, akaondoka. Hakuna aliyekaa. Mwenye kampuni alituonyesha jambo hilo kwenye skrini ya chumba cha mikutano. Mistari mirefu ilikuwa ya watu wanaopigana angani na wanaochimba mawe yanayoelea. Mstari mmoja, mfupi kama ukucha, ulikuwa wa muda wanaokaa kwenye makazi ya vituoni.

Mstari huo ulikuwa kazi yangu. Vichochoro, mabomba, taa za milangoni, maneno ya kila mkazi, vyote vilipita mikononi mwangu.

Mwenye kampuni tulimwita Nahodha kwa sababu ya kiti chake chenye mgongo mrefu, na alilipenda jina hilo kuliko alivyojifanya. Alisema, bila ukali, kwamba jaribio la Ijumaa ndilo litakaloamua. Wajaribu wakivutiwa na makazi, yatabaki. Wasipovutiwa, kila kituo kitang'olewa na mahali pake litawekwa tangi la mafuta linaloelea, nami nitahamishiwa kwenye mawe.

Kuhamishiwa kwenye mawe si adhabu. Ofisini yupo kijana anayeyachora, na anayapenda kwelikweli. Lakini mawe hayasemi. Mimi mbele ya watu ulimi hunikauka, hata wenzangu waliniita Bi Kimya, na kwa muda mrefu nilikuwa nasema kupitia wale wakazi. Mmoja nilimpa kikohozi cha marehemu babu yangu. Mwingine nilimpa ubishi wa mama. Nilipofikiria tangi likielea mahali walipokuwa, nilihisi kama nimeambiwa niwatoe nje watu wenye vyombo vyao mikononi.

Si kwamba sikuwa nimejaribu. Niliongeza maduka. Niliongeza uwanja wa mpira, taa za rangi, na zawadi zilizofichwa chini ya ngazi. Wachezaji walifukua zawadi, wakaondoka haraka zaidi kuliko mwanzo. Aliyekaa meza ya pili, mwandishi wetu wa programu, aliniambia nimejaza soko kila kitu isipokuwa sababu ya kuja sokoni. Huyo tulimwita Sufuri, kwa kuwa ukimuuliza jambo lolote lina matumaini kiasi gani, jibu lake lilikuwa hilohilo.

Wiki hiyo dada yangu mkubwa alirudi nyumbani. Alikuwa mpishi kwenye kambi ya machimbo, mbali, na ilikuwa miaka hajatia mguu kwetu. Aliingia chumbani akakuta pale dirishani kilipokuwa kitanda chake pamewekwa cherehani ya mama, na mama mwenyewe ameketi anashona mapazia ya watu. Kitanda changu kilikuwa upande wa pili, kipo. Chake kilikuwa kimeenda kwa mjomba.

"Kwani mlinizika?" dada akauliza, begi bado begani.

"Tungekuzika tungeheshimu kitanda," mama akamjibu, mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

Dada akanuna. Akatoka kibarazani, nako akakuta mengine. Mtoto wa jirani aliyemwacha anabebwa mgongoni alimpita na mkoba wa shule bila kumtambua. Kibanda cha fundi redio pale kwenye kona kilikuwa saluni. Akauliza fundi yuko wapi. Mama akasema alihama kwa ajili ya mke, jirani akasema aligombana na mwenye nyumba, msusi wa saluni akasema yeye alikuta kibanda kitupu na panya wawili. Dada alikasirika kana kwamba wote watatu wamemwibia. Chai aliyomiminiwa ikapoa. Akavaa viatu, akaenda kumtafuta, na aliporudi jioni alikuwa amemwona, anatengeneza feni nyuma ya stendi, na amemgombeza vizuri kwa kuhama bila kuaga.

"Aliagana na kila mtu," mama akasema.

"Mimi si mtu?"

Begi lake lilikuwa bado halijafunguliwa. Nilikaa kitandani nikimsikiliza akisimulia, na nilichokiona ni kwamba alikuwa ameudhika tangu mchana na bado hakuna ambaye angeweza kumng'oa pale nyumbani.

Asubuhi yake nilimuuliza Sufuri wakazi wangu hufanya nini mchezaji akiondoka. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa viatu hufanya nini kabatini. Alisema wanalala. Ili kompyuta isielemewe, mchezaji akitoka kila mkazi anagandishwa alivyo, hata kama mguu mmoja uko hewani, na akirudi wanaendelea na sentensi waliyoiacha katikati.

"Tunaweza kuwaamsha?"

"Wote? Sufuri."

Nilimkazia macho. Naye, labda kwa sababu hakuzoea kutazamwa nami hivyo, akaanza kukuna kidevu. Kisha akasema hakuna haja ya kuwaamsha. Mtu aliyesafiri haoni mambo yakitokea, hukuta yametokea. Kwa hiyo mchezaji akirudi, programu inaweza kupiga hesabu ya muda aliokaa nje na kuamua nini kimempata nani. Ila lazima kila mkazi awe na maisha ya kumpata.

Hiyo ilikuwa kazi yangu, na sikumbuki kazi niliyoifanya kwa raha kama ile. Muuza maua akichoka kungoja wateja, anajifunza kutengeneza pampu. Ndugu wawili wanagombania ukuta, na mmoja anaubomoa. Mzee Cheche, fundi wa kuchomelea mabomba, mwenye kile kikohozi cha babu, mguu wake unazidi kuuma hadi anahamia ghorofa ya chini kusiko na ngazi, na karakana yake anamwachia binti aliyekuwa akimfundisha kazi. Sufuri aliandika hesabu. Tulijaribu mara nyingi. Tulibonyeza kile kitufe chetu cha mkato, kinachomtoa mtu kwenye chombo na kumtupa katikati ya kituo, tukakuta watu wamehama, wameoana, wamenuniana. Kila kitu kilikwenda sawa.

Ijumaa walikuja wajaribu watatu, na aliyeketi upande wangu alikuwa dereva wa lori, mtu mzima, ambaye hucheza gemu kwenye simu anapongoja kupakua mizigo. Kwetu sheria ya jaribio ni kwamba mtengenezaji husimama nyuma ya mchezaji na hafungui mdomo. Haelekezi wala haguni. Wenzangu sheria hiyo huwatesa. Mimi huwa nashukuru.

Dereva alikuwa anaongea na skrini. Alitua, akaegesha chombo kwa kurudi nyuma taratibu ingawa hakuna anayemlazimisha, akapita langoni, akatembea. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mzee Cheche akakohoa, akamwambia bomba la hewa linavuja na spana yake imekatika meno, kama anayo nyingine amsaidie.

"Spana ninayo, mzee wangu, ipo kwenye gari. Nakuja sasa hivi."

Akatoka langoni, akaenda kwenye chombo, akachukua spana, akarudi. Karakanani palikuwa na yule binti peke yake, amevaa aproni ya mzee.

"Mzee Cheche amehama," binti akasema. "Alikungoja sana."

Dereva akageuka kitini. "Nimetoka hapo nje tu," akasema, kana kwamba mimi ndiye niliyemngoja.

Nilielewa papo hapo. Hesabu ya Sufuri haikuanza chombo kiliporuka. Ilianza mtu alipovuka lango, na kila kuvuka kulihesabiwa kama safari nzima. Sisi hatukuwahi kuliona hilo kwa sababu kitufe chetu cha mkato kinaruka lango na kuhesabu safari moja tu kila kinapobonyezwa. Katika muda wote wa kujenga kile kituo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia kwa miguu.

Dereva akatoka tena langoni kuhakikisha, akarudi. Binti sasa alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mama, mimi nimezunguka gari tu," akamwambia, na wajaribu wenzake wakavunjika mbavu. Kijana wa mawe aliziba mdomo kwa sweta. Nahodha hakucheka. Alisimama karibu na mlango, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo, na nikajua tangi limeshachorwa kichwani mwake.

Lakini dereva hakwenda kujaza mafuta. Alimuuliza muuza maua mzee kahamia wapi, akaambiwa chini. Akamuuliza mmoja wa wale ndugu wa ukuta, akaambiwa mguu ulikuwa unamsumbua. Akapotea kwenye vichochoro vyangu, akarudi, akauliza tena. Wajaribu wawili walimaliza vita vyao, wakapewa soda, wakaja kusimama nyuma yake nao. Hatimaye akamkuta, ghorofa ya chini, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Umekuja na ile spana?" Mzee Cheche akamuuliza, akakohoa.

Dereva akampa. Kisha akavua vipokea sauti, akaviweka mezani kwa nguvu kidogo.

Tulikaa chumba cha mikutano, mahali ambapo watengenezaji wanaruhusiwa kusema, na mimi sijawahi. Wale wawili walisifu mapigano. Dereva alikuja na malalamiko. Alisema mzee amefanyiwa vibaya, mtu anatoka kumchukulia spana anarudi anakuta kahamishwa kama mzigo, na yeye mwenyewe ameonekana mwongo. Nahodha akamtuliza. Akamwambia asijali, vituo vyote vitaondolewa, litawekwa tangi.

"Mviondoe?" dereva akasema. "Halafu mzee aende wapi?"

Sufuri alikuwa ananikanyaga mguu chini ya meza. Nilijikaza.

"Kosa ni la lango," nikasema.

Wote wakageuka. Nilisikia sauti yangu ilivyo ndogo nikaendelea nayo hivyohivyo. Nilieleza habari ya kitufe cha mkato, na kwamba sisi tuliojenga mlango hatujawahi kuupita. Sufuri akaongeza kwamba kurekebisha ni kazi ya mchana mmoja. Ikitoka kwa mtu asiye na matumaini, kauli hiyo ilikuwa kama kiapo.

Nahodha akauliza, polepole, iwapo lango likirekebishwa watu wataacha kuhama.

"Hapana. Wataendelea kuhama mchezaji akisafiri kweli."

"Na akirudi akute wamehama, ataudhika."

"Ndiyo."

"Bi Kimya, unataka wachezaji waudhike?"

"Nataka wakirudi waulize yuko wapi," nikasema. "Huyu ameuliza mpaka soda yake imepata moto."

Dereva akaitazama soda, akaisukuma mbele kama ushahidi. Nahodha alicheka puani. Akasema fedha za kuhudumia vituo tisa vyenye watu wenye maisha hana, na hilo nisijidanganye. Vitabaki vitatu. Sita vitakuwa matangi. Mimi nibaki na vitatu hivyo, na tujaribu tena lango likishapona.

Nilisema sawa. Nilipofika chooni nililia kidogo, kwa ajili ya vile sita, kisha nikanawa uso.

Nyumbani nilikuta kitanda changu kiko mlangoni. Pale pangu dada alikuwa ametandika godoro jipya, yeye na begi lake, ambalo sasa lilikuwa limefunguliwa na kusambazwa chumba kizima.

"Nimetoka asubuhi tu," nikamwambia.

"Ulikuwa hupo," akasema dada, akanitupia mto wangu.

Wiki iliyofuata Sufuri alikiondoa kile kitufe cha mkato kwenye kompyuta zetu zote, na watu wakalalamika kwa siku kadhaa kuhusu umbali wa kutembea. Mimi nilifunga vituo vile sita kimoja kimoja. Sikumfuta mtu. Wakazi wake niliwahamishia kwenye vile vitatu vilivyobaki, nao waliingia kwa lango, na mizigo kichwani, wakiuliza wapi pana chumba. Wenyeji wengine waliwapokea. Wengine walinuna, hasa yule ndugu wa ukuta, ambaye ilibidi aujenge upya.

Alasiri moja Nahodha akaja kusimama nyuma ya meza yangu. Nilidhani amekuja kuulizia tarehe. Alishika mgongo wa kiti changu, akatazama dirishani, kisha skrini yangu, kisha dirishani tena.

"Nilikuwa safarini huko kwenye mawe, muda mrefu kidogo," akasema. "Nimerudi kituoni. Ghorofa ya chini nimekuta ndoo tupu. Mzee kaenda wapi?"

Hesabu za Sufuri zilikuwa zimeshawachanganya watu wangu kiasi ambacho hata mimi sikuweza kuwafuatilia.

"Sijui," nikamwambia, na ilikuwa kweli. "Muulize yule binti mwenye aproni."

Akarudi chumbani kwake. Mlango aliuacha wazi, na kwa muda mrefu nilimsikia akibonyeza kibodi, hatua kwa hatua, anatembea.