Ndia Aliyopita Famau

Mwaka 1967 lililetwa Mokowe, gatini upande wa bara, basi kuukuu lililong'olewa viti likafanywa zahanati. Ndani mlikuwa na friji ya dawa, taa, na mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama ule wa majumbani. Wafula, mtu wa Bungoma, alikuwa dereva na fundi wake. Muuguzi aliitwa Rosebella. Watu wa visiwani walivuka kuja kutibiwa hapo.

Famau alitoka Siyu akimleta mkewe, Hadia, aliyesumbuliwa na kikohozi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Rosebella alimshika Hadia mkono akampandisha. Famau alivua viatu kwa adabu, akasimama kwenye mchanga ulioroa, akashika chuma cha mlango. Hakupiga ukelele. Aliinama kama mtu aliyeangusha kitu, kisha akalala chini.

Rosebella alimkandamiza kifua mpaka mikono ikamlegea. Haikufaa. Waliokuwapo walisema ni moyo, mzee amechoka na safari, na afisa wa afya akakubaliana nao. Maiti ilirudishwa Siyu siku ile ile.

Lakini Wafula alikuwa ameona alama ndogo nyeupe, kama ya kuungua, kwenye kiganja cha marehemu. Alipigilia msumari mrefu mchangani, akafunga waya hapo na mwingine kwenye chuma cha mlango, katikati akaweka balbu. Ikawaka, hafifu, lakini ikawaka.

Alipotafuta aliona chanzo. Ndani ya basi waya mmoja ulikuwa umechunika ukagusa bati. Nje, waya wa kupeleka taa kwenye hema la wagonjwa ulikuwa umekatwa na jiwe, ukalala kwenye maji ya mvua. Basi lilikaa juu ya mipira ya magurudumu, bila waya wa kulifunga na ardhi. Aliye ndani hakuhisi lolote. Aliyesimama chini akaligusa, umeme ulipita mwilini mwake kutafuta ardhi.

Alimweleza afisa. Afisa alimwambia marehemu amekwisha kuzikwa, na watu wakisikia habari hiyo wataikimbia tiba. Wafula alizima mashine, akaenda kutafuta chombo cha kumvusha.

Alifika Siyu kwa mkono wa bahari, kisha kwa miguu, matanga hayajaanuliwa. Husseini, ndugu yake Famau, alimpokea vizuri, akampa kahawa, akidhani amekuja kutoa pole tu. Wafula aliomba Bi Hadia naye asikie. Mjane aliketi nyuma ya pazia. Wafula akaeleza yote, hata ile balbu.

Husseini aliweka kikombe chini, akamwambia atoke nyumbani mwao.

"Mwate, Husseini," sauti ya Hadia ilisema. "Mngu ndiye memtwaa, hilo halina shaka. Lakini huyu metwambia ndia aliyopita."

Alisogea karibu na pazia. Kisha akauliza, "Mbona mimi nalipanda nisidhurike?"

"Ulishikwa mkono, Bi. Hukugusa chuma."

Hapo ndipo walipomsikia akilia. Tangu mazishi alikuwa hajalia. Wanawake walikwenda kumshika, na Wafula akaondoka bila kuaga, maana hakujua aage vipi.

Aliporudi Mokowe alibadilisha nyaya zote mbili. Akafunga waya mnene wa shaba kutoka kwenye mashine hadi kwenye bodi la basi, na kutoka kwenye bodi hadi kwenye nondo aliyoizamisha mchangani mpaka ikafikia unyevu. Ilimchukua siku nzima, na afisa hakumsemesha.

Kwa miezi hakuja mtu wa Siyu. Eda ilipokwisha, Hadia alivuka, kikohozi kikiwa kimezidi. Husseini alimleta, akabaki gatini, amempa Wafula kisogo.

Wafula alisogea kando ampishe, akamwambia basi sasa limefungwa waya hadi ardhini. Hadia hakupanda. Alimwomba amwonyeshe waya. Wafula alichutama, akafukua mchanga kwa mikono mpaka nondo ikaonekana. Hadia aliitazama kitambo.

Akasema, "Bismillahi," akashika chuma cha mlango, akapanda.