Mzinga Juu ya Nguzo ya Simu

Nyuki wa kwanza alimchoma Raymundi sikioni, wa pili shavuni, naye bado yuko nusu ya nguzo.

"Unaona nini huko juu?" Bwana Omari alipaza sauti kutoka chini. Alikuwa fundi mkuu wa simu, mtu wa Gongoni, asiyevua kofia yake ya viua hata juani.

"Mzinga!"

"Wa vita?"

"Wa nyuki, Bwana Omari! Kamba yake imebana nyaya mbili zikagusana!"

Hiyo ndiyo sababu Tabora yote ilikuwa haisikilizani na Ipuli tangu juzi. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani wa Raymundi. Masomo ya darasani alikwisha kuyashinda. Lililobaki ni kutafuta hitilafu peke yake, kuitengeneza, na kueleza chanzo chake. Akifaulu, fundi. Asipofaulu, arudi kwenye jembe la kuchimbia mashimo ya nguzo. Na Mzee Lugembe wa Itetemia alikwisha kusema mbele za watu kwamba binti yake Pelagia haolewi na mchimba mashimo. "Mashimo hata fuko anachimba," alisema, watu wakacheka, Raymundi naye akacheka huku roho inamuuma.

Akapanda hatua nyingine. Kwenye tako la mzinga palichongwa alama ya mwenyewe, kama ilivyo kwa kila mzinga wa nchi ile. Akaitambua. Ilikuwa alama ya Lugembe.

Akashuka taratibu kuliko alivyopanda.

"Wa nani?" Bwana Omari akauliza.

Raymundi akatazama viatu vyake. Amtaje, ampeleke mkwe kortini? Asimtaje, mtihani umekwenda na maji. Maskini kijana, alitamani nyuki wamrudie.

"Wangu!" Lugembe alikuwa anakuja mbio, upinde begani, na Pelagia nyuma yake na kamba na kijinga cha moshi. "Msiwaue nyuki wangu!"

"Shikamoo, baba," Raymundi alisema kwa mdomo uliovimba.

"Marahaba."

"Mzee, nguzo hii ni ya serikali," alisema Bwana Omari. "Watu hufungwa kwa jambo hili."

"Basi serikali iiambie inyamaze! Niliweka sikio, nikasikia inavuma. Mti unaovuma una nyuki, nani asiyejua? Nikawapa nyumba, wakaingia. Kosa langu liko wapi?"

Bwana Omari alijitahidi kukunja uso, akashindwa, akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Raymundi, mimi chanzo nakijua. Mweleze mzee kwa nini nguzo inavuma. Akielewa, umefaulu. Asipoelewa, sote twende bomani."

Raymundi akakohoa. "Mtetemo wa waya uliokazwa, baba, husafiri kupitia—"

"Usinisomee misa ya Kilatini, kijana."

Pelagia akauma kanga asicheke. Raymundi akafuta jasho, akafikiri, kisha akaomba upinde wa mzee. Akauegemeza mti wake sikioni mwa Lugembe, akagusa uzi kwa kidole. Ukavuma.

"Nyuki wako wapi humo, baba?"

"Hakuna nyuki. Uzi huo."

"Waya ni uzi. Nguzo ni mti wa upinde. Na kidole ni upepo."

Lugembe akasikiliza upinde, akaenda kusikiliza nguzo, akarudi kwenye upinde. "Ala! Mimi mzee mzima, nimedanganywa na upepo!"

"Amefaulu," alisema Bwana Omari.

Wakafukiza moshi, wakauteremsha mzinga. Raymundi akaachanisha nyaya, akapiga simu ya majaribio, na Ipuli ikaitika. Alipokanyaga ardhi furaha ilikuwa imemjaa hata maumivu hayasikii.

"Fundi," aliita Lugembe. Raymundi akageuka kutazama nani anaitwa. "Wewe, ndiyo. Mzinga haulali chini. Panda mninga ule uutundike."

Akapanda, akapitisha kamba juu ya tawi, akaurudisha mwisho wake chini. Kamba ya mzinga Lugembe hakuwahi kumshikisha mtu asiye wa nyumbani kwake, na leo Raymundi alikuwa ameishika. Mzee akaiokota, akamkabidhi Pelagia, kisha akaenda kukaa na Bwana Omari, wote wawili wakiwapa mgongo.

"Vuta," alisema Raymundi kutoka juu.

Pelagia akavuta, na mzinga ukaanza kupanda polepole kuelekea alipo Raymundi.