Vidonge vya Baada ya Chakula

Muuguzi Abiba alikuwa ameshachoka kabla hata ya saa nne. Foleni ya zahanati ilikuwa imetoka mlangoni ikazunguka hadi kwenye tangi la maji, na mbele ya meza yake alikuwa amesimama tena yule mama Mturkana kutoka Burat, Nakuam, mtoto mgongoni akikohoa vilevile kama wiki iliyopita.

"Huyu tena? Mzee Nanok! Njoo unitafsirie."

Nanok, mfagizi wa zahanati, aliegemeza ufagio ukutani akaja polepole kama kawaida yake. Alikuwa Mturkana aliyeishi Isiolo miaka mingi, na tangu ukame wa mwaka huo wa themanini uwalete watu wake kwa makundi kutoka kaskazini, mifugo imekwisha, kazi ya ukalimani ilikuwa imemwangukia bila mshahara.

"Mwambie anipe dawa nilimpa."

Nakuam alifungua fundo la shuka akatoa kichupa. Abiba alimimina vidonge mezani. Alikuwa amempa ishirini na moja, vya siku saba. Vilibaki kumi na sita.

Hapo uvumilivu ulimwishia.

"Kumi na sita! Mtoto kifua kinamuua na dawa imefungwa kwenye shuka! Itafanya kazi namna gani ikiwa iko kwa chupa? Nilisema mara tatu kwa siku. Tatu! Nikamwonyesha na vidole. Hawa watu, wallahi, kuwaeleza ni kama kuongea na ukuta. Mwambie hivyo hivyo, usipunguze."

Nanok alisema maneno manne hivi.

"Hayo tu?"

"Nimechukua ya maana, sista."

Watu kwenye benchi walicheka. Abiba hakucheka. Kwao Kulamawe, kijiji cha wafugaji, jina la Mturkana lilitajwa tu pale ng'ombe walipopotea. Alidhani hayo ameyaacha nyumbani siku alipovaa sare nyeupe, lakini asubuhi kama hii yalimjia yote mdomoni.

Nakuam alimjibu Nanok kwa sauti ya chini, bila hasira. Alinyoosha kidole kimoja, akasita akikumbuka, akanyoosha cha pili, mpaka vikafika vitano.

"Anasema nini?"

Nanok alikuna shingo. "Anasema ulimwambia ampe baada ya chakula."

"Ndiyo. Sasa?"

"Anasema amefanya vile ulisema. Tangu siku ile wamekula mara tano. Kila wakila, amempa kidonge kimoja. Anauliza amekosea wapi."

Abiba alivitazama vile vidonge. Aliona haya, na kwa kuwa hakujua pa kuitupa ile haya, ikageuka hasira tena.

"Na wewe mzee, ulikuwa hapa siku ile! Si ungeniambia?"

"Nilisema vile ulisema, sista. Hukuuliza kama wanakula."

Aliinuka, akamwacha mama pale pale, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi. Daktari Salesio, Mmeru mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akiandika.

"Nataka uji."

"Uji ni wa waliolazwa."

"Basi mlaze yule mtoto wa Burat."

"Hakuna kitanda, Abiba. Nikilaza kila mwenye njaa, nitalaza Burat yote."

"Sijasema yote. Nimesema mmoja. Atalala kwa mkeka, pale nyuma ya meza yangu."

Salesio alishusha pumzi, akatia sahihi karatasi ya kulazwa.

Siku tisa zilizofuata zilimmaliza Abiba. Nakuam alikataa mtoto kuogeshwa asubuhi. Alihamisha mkeka nje kwa sababu ndani kulinuka dawa, Abiba akaurudisha, ukahamishwa tena. Waligombana kila siku, mmoja kwa Kiswahili, mwingine kwa Kiturkana, na Nanok alipoitwa kutafsiri alisema ana vyoo vya kuosha. Katikati ya kelele hizo mtoto, Emuria, alipewa uji mara tatu kwa siku na kidonge mara tatu. Foleni nayo ilizidi kurefuka, maana sasa Abiba alimuuliza kila mgonjwa jana alikula nini, na wenye maduka yao walikasirika kuulizwa.

Siku ya kumi kikohozi kilikuwa kimekwisha. Emuria alivuta droo ya meza ikaanguka na bandeji zote.

"Toeni huyu mtoto hapa!" Abiba alisema, akiokota. Nakuam alimfunga mwanawe mgongoni, akasema jambo refu kidogo.

"Anasema umesaidia mtoto wake," Nanok alitafsiri. "Tena anasema unapiga kelele sana."

"Mwambie karibu. Mwambie na yeye ni mbishi kupita kiasi."

Nanok aliyasema yote, safari hii bila kupunguza. Nakuam alicheka, akatoka akipita katikati ya foleni kuelekea Burat, na Abiba akabaki anakunja bandeji upya, akinung'unika.