Viatu Visivyofuatwa

Ukutani kwangu nimebandika tangazo: viatu visipochukuliwa kwa miezi sita, fundi asiulizwe. Watu hulisoma, hucheka, kisha husema hilo ndilo tangazo la Birika. Ndilo jina nililopewa hapa mtaani, kwa kuwa wanaamini nina mkono wa birika. Kanisani majina ya waliochanga husomwa kwa sauti, na langu halijawahi kusikika. Wakiniletea karatasi ya mchango naikunja mara nne na kuipachika chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Wasichojua ni kwamba viatu visivyofuatwa siviuzi. Nabadilisha soli, nashona, napaka rangi, navifunga kwenye gazeti, na alfajiri naviacha mlangoni kwa mtu ambaye nimeshaona hali ya miguu yake. Fundi viatu huwatazama watu kuanzia chini. Marehemu mke wangu ndiye aliyeanzisha. Alisema sadaka ikishatangazwa imeshalipwa, na anayetaka kulipwa na Mungu afunge mdomo. Tulikuwa wawili wa kufunga mdomo, na usiku tulicheka chini ya shuka kama watoto walioiba sukari. Alipofariki nikabaki na siri peke yangu. Mungu huona sirini, sikatai. Lakini Mungu haji kukaa kwenye benchi langu akaniuliza nimeamkaje.

Aliyekuwa akikaa ni Kinyozi, wa kibanda cha pili. Naye alifariki mwaka jana. Tangu hapo mkewe, ambaye huniita shemeji, alipita kila siku saa nne na chupa ya chai, akakaa robo saa, akanisimulia habari za mwanawe, akaondoka. Ile robo saa ndiyo iliyokuwa siku yangu. Iliyobaki ilikuwa gundi na misumari.

Jumatatu moja alikuja na kipande cha karatasi ngumu mkononi. Nikipokea viatu huandika namba mara mbili, nakata karatasi katikati, nusu naifunga kwenye viatu, nusu nampa mwenyewe. Alikuwa ameikuta nusu hiyo kwenye mfuko wa koti la mumewe. Mwanawe anafunga ndoa Jumamosi, akasema, na angependa aingie kanisani na viatu vya kahawia vya baba yake.

Namba niliijua kabla sijaisoma. Kinyozi aliviacha kwangu wiki moja kabla hajaugua. Nilivitunza mwaka mzima, mara mbili ya muda wa tangazo langu. Kisha Jumapili moja nikamwona bawabu wa kanisa, mzee anayesimama mvuani kutufungulia mlango, vidole vyote nje. Namba ya mguu wake na ya Kinyozi ilikuwa moja. Mke wa Kinyozi alishagawa nguo zote za marehemu, nikadhani na viatu ameshavisamehe. Sikumuuliza. Ukiuliza, si siri tena. Hapo ndipo nilipokosea.

"Havipo, shemeji," nikasema.

Akatazama tangazo, halafu akanitazama mimi. "Umeviuza."

Neno moja tu lingenitosha. Lakini neno hilo lingefika kwa bawabu kabla ya saa sita, naye alishawaambia wanakwaya wote kwamba Mungu anajua mpaka namba ya mguu wake. Angevivua palepale mlangoni, mbele ya watu, akarudi kwake peku. Nikainama nikaendelea kupiga msumari. Kunyamaza si uongo, nilijiambia, ila mdomoni ladha ilikuwa ileile.

"Kila tulipokusema, marehemu alitugombeza," akasema polepole. "Alisema hatukujui."

Akachukua chupa yake ya chai, haijafunguliwa, akaenda.

Jumanne saa nne ikafika, ikapita. Jumatano mtaa mzima ulishajua kwamba Birika anauza viatu vya maiti. Mteja mmoja alivichukua vyake nikiwa nimeshona upande mmoja tu. Niliumia, sitaficha. Nikalifuta benchi vumbi, nikalifuta tena, kana kwamba kuna mgeni.

Jumamosi nilikwenda harusini, maana kadi nilipewa kabla ya hayo. Mama wa bwana harusi alipofika mlangoni akasimama ghafla, akainamisha macho kwenye viatu vya bawabu. Kisigino cha kushoto kilikuwa na ngozi ya ziada. Kinyozi alielemea mguu huo maisha yake yote, nami nilikiinua kwa mkono wangu. Na kwenye ncha ya kiatu cha kulia palikuwa na tone la piko, dawa ya kinyozi ya kutia nywele weusi, ambalo hakuna rangi ya viatu inayolificha. Akamuuliza bawabu amevipata wapi.

"Nilivikuta mlangoni kwangu, mama, kwenye gazeti. Hadi leo simjui aliyenipa, zaidi ya Mungu."

Akageuka, akanitafuta katika foleni. Mimi nikatazama dari kama mtu anayekagua mahali panapovuja. Akamwambia bawabu kwamba vimemkaa vizuri, akaingia kumwoza mwanawe.

Jumatatu saa nne alikuja. Bila chai. Akaweka mfuko mezani, ndani yake viatu vyeusi, vile vya kazini ambavyo Kinyozi alivaa kila siku. Alikuwa amevihifadhi chini ya kitanda, kitu pekee cha mumewe ambacho hakukigawa. Akaniomba nivitie soli. Nikaandika namba, nikakata karatasi, nikampa nusu yake.

"Kaa nayo," akasema. "Sitavifuata."

Nilitamani kumwambia akae. Hakukaa. Angekaa tungeongea, na tungeongea siri ingetoka, na sote wawili tulilijua hilo. Mpita njia akamtania kwamba Birika ataviuza. Akajibu, "Najua," akaondoka bila kugeuka.

Nikachukua brashi. Kwenye mishono kulikuwa na vipande vya nywele, vyeusi na vyeupe, vya mtaa mzima. Kinyozi alininyoa kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa. Katika vile vyeupe, vingine ni vyangu. Nilivitazama mpaka gundi ikanikaukia koponi. Kisha nikavitoa kimoja kimoja, maana yupo mtu anayevihitaji viatu hivyo, naye hatakiwi kujua vilikuwa vya nani.