Orsan ya Pili na ya Saba

Mtu akiniambia anapenda gemu za Orsan, humwuliza alianzia ya ngapi. Akisema ya tano, basi mazungumzo yameisha. Mimi, Docus Abalo, nilianzia ya pili, nikiwa na miaka tisa, kambini kwa polisi, nimekaa kati ya magoti ya baba yangu, Okidi, tukipokezana padi moja ya kuchezea.

Orsan ya pili haikuwa na ramani. Ulimkuta mzee kijijini, akakueleza njia kwa mdomo: pita kisima, kwenye jiwe jeupe shika kushoto, usivuke mto. Ukisahau, shauri yako. Siku moja nilitaka kuandika kwenye daftari, baba akaninyang'anya kalamu.

"Polisi hapana andika njia," alisema. "Polisi naweka hapa." Akanigonga kipaji cha uso kwa kidole.

Na kweli yeye aliziweka. Alijua njia zote, hata za kule pangoni ambako kioo kizima ni giza tupu. Askari wenzake walikuja mlangoni kumwuliza njia za Orsan kama watu wanavyouliza njia ya Gulu.

Sasa linganisha na Orsan ya saba, iliyotoka juzijuzi. Kwa macho ni nzuri, sikatai. Nyasi zinatikisika, mvua ikinyesha nguo za shujaa zinalowa. Lakini ukitoka mlangoni tu, mstari wa manjano unajichora chini, mbele ya miguu yako, mpaka unakokwenda. Ukisimama kidogo, yuko msichana unayefuatana naye, anakuambia ufanye nini. Mimi niliiita gemu ya kulishwa kwa kijiko, na nilimwambia hivyo Tresor, kijana wa Bukavu mwenye ukumbi wa gemu karibu na reli hapa Namuwongo.

"Ile ya zamani ni kutesa batu bure," Tresor alinijibu. "Mutu anatoka kazi, amechoka, tena unamupa kazi ya kutafuta njia?"

"Basi aende akalale," nilimwambia.

Tulibishana hivyo karibu kila wiki, mpaka baba alipogongwa. Alikuwa amestaafu polisi, akilinda ghala moja kule Port Bell kwa kampuni ya ulinzi. Asubuhi moja akivuka barabara, bodaboda ikamzoa, akaangukia kichwa. Alilazwa wiki saba. Aliporudi nyumbani alitembea vizuri, alisema vizuri, alitutambua wote. Daktari alisema tumpe muda na tumshughulishe. Tresor, ambaye midomo yake ni mirefu lakini moyo wake ni mzuri, akatuazima mashine yenye Orsan ya saba.

Baba aliimaliza. Yote! Kila alipomaliza sura moja nilijiona kama nimeshika cheti cha hospitali. Nilimeza maneno yangu yote kuhusu kijiko. Nilipiga simu mpaka Lira kuwaambia shangazi zangu kwamba kichwa cha baba kiko sawasawa, kwani mgonjwa gani wa kichwa anamaliza Orsan nzima? Nilijivuna kama mganga.

Basi kampuni ikaleta fomu. Walikuwa tayari kumrudisha getini, peke yake na bunduki yake, mradi mtu mzima anayeishi naye athibitishe hali yake. Swali la tatu lilisema: je, mfanyakazi anakumbuka maagizo bila kusaidiwa? Chini yake kulikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana, na mahali pa kuweka sahihi. Fomu ilitakiwa Jumatatu. Baba alikuwa haongei jambo lingine. Kila asubuhi alipiga pasi shati lake la kazi, akalitundika, akaketi analitazama.

Mama yangu, Santa, ndiye aliyeniletea ile fomu, kalamu ikiwa juu yake. "Wewe nasoma," alisema. "Saini wewe."

Ningeweza kusaini palepale. Lakini mimi napenda mbwembwe. Nikaona kwanza nilete Orsan ya pili, baba aicheze mbele yetu, nami nisaini huku mzee anashangilia. Jumamosi mchana nikaazima kwa Tresor mashine ya zamani, ile nzito yenye waya uliofungwa kwa plasta.

Muziki ulipoanza, baba alicheka kwa sauti. Vidole vyake havikusahau kitu. Mbwa mwitu watatu wa pale langoni aliwamaliza bila kuguswa hata mara moja.

"Naona?" alisema. "Mkono ya mzee iko bado!"

Nikapiga makofi. Fomu ilikuwa mapajani mwangu. Mama alikuwa sakafuni, anachambua majani ya malakwang kwa ajili ya mchuzi.

Kisha mzee wa kijiji akatoa maelezo yake, maandishi yakapita chini ya kioo. Baba akasoma, akabonyeza, akatoka nje ya kijiji. Akasimama. Akaenda mtoni, akauvuka, akafa maji. Akaanza tena. Akamrudia mzee, akasoma, akatoka, akasimama palepale.

"Wapi ile manjano?" aliuliza.

"Hii haina manjano, baba. Ni ya pili. Ni yetu."

"Najua!" alisema kwa ukali. Akaenda mtoni, akafa tena. Mimi nilicheka, nikidhani ananitania. Mara ya nne akasimama mbele ya yule mzee, akaniangalia. "Huyu mzee, mimi naongea na yeye tayari?"

Nilimtazama usoni nikitafuta utani, sikuuona.

"Pita kisima, Baba Abalo," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye majani yake. "Kwa jiwe, kushoto."

Baba akapita kisima, kwenye jiwe akashika kushoto, akaenda moja kwa moja kama zamani. Hata hakugeuka kuona nani aliyemwambia.

Hapo ndipo nilipomsikia mama yangu, baada ya kukaa naye chumba kimoja miezi yote hiyo. Baba Abalo, leo ni Jumamosi. Baba Abalo, chai umekunywa tayari. Huyu ni Oryem, jirani, anakusalimia. Viatu viko chini ya kitanda. Mimi nilidhani ni domo la wazee waliozoeana. Wakati mwingine nilimkaripia kwamba anamchosha mgonjwa.

Nilimfuata alipotoka kumwaga maji ya mboga.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu Pasaka, pale anatoka hospitali."

"Na fomu unaniletea mimi?"

Alikaa juu ya jerikeni tupu. "Wewe ulikuwa hujui," alisema. "Mtu hajui, anasaini, Mungu hapana mwandikia kosa. Mimi najua. Mimi nikisaini ni dhambi."

"Mama, ni bunduki! Anasimama getini na watu wanapita!"

"Bunduki naijua. Nalala nayo chini ya kitanda miaka ishirini. Lakini wewe naona vile anatazama ile shati? Utanyang'anya yeye na hiyo?"

"Kwa hiyo ulitaka nidanganye."

"Hapana. Nilitaka usijue." Akajifuta uso kwa kanga. "Sasa na wewe unajua."

Nilimkasirikia, na nilijikasirikia mwenyewe zaidi. Yeye alificha hali ya mumewe kwa sababu anampenda. Mimi nilifichwa ukweli na gemu ambayo nilishaitukana kwa kosa hilohilo, kwamba inamwongoza mtu kila hatua mpaka aonekane hodari. Nililiona kosa kabla ya Tresor, kabla ya kila mtu, na lilipokuja kukaa nyumbani kwetu nikaliita uponyaji. Nikaweka fomu juu ya ukuta wa veranda, nikatia alama kwenye hapana, nikasaini, nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Nilipoingia baba aliniuliza, macho yakiwa kwenye kioo: "Ile karatasi, unasaini?"

Nilikaa karibu naye. "Nimesaini, baba. Nimeandika hapana. Kichwa hakijashika vizuri. Hutarudi getini."

Aliweka padi chini polepole. "Wewe ndiyo naandika?"

"Ni mimi."

Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Sikuwahi kumwona baba akilia, hata walipomzika kaka yake. Mwisho akasema, "Nafanya vizuri. Mimi pia ningeandika hivyo." Akanishika bega. Nilidhani hapo tumepita pabaya.

Mama akaleta chai. Baba akanywa kidogo, akaguna kwamba sukari ni kidogo, akanigeukia. "Abalo, ile karatasi, unasaini?"

Mama akainamisha kichwa. Nikamwambia tena, kwa maneno yaleyale. Safari hii hakuniambia nimefanya vizuri. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani hata nimwandike baba yangu hivyo. Mara ya tatu alinisihi, akasema atalala mapema, ataacha pombe, pombe ambayo aliiacha nikiwa darasa la pili. Mara ya nne alilia tu. Kila mara alikuwa analipata pigo jipya, na mimi ndiye niliyekuwa nampiga.

Jua lilikuwa halijazama bado aliponiuliza mara ya tano.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Nimesaini. Unaanza Jumatatu."

Akanishukuru kwa Kilango, lugha ya kwao, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniombea baraka ndefu, huku mama ananitazama na fomu iko mfukoni mwangu.